Ngamiani huulizi wapi, unauliza saa ngapi

Wiki iliyopita jamaa ninayefanya naye kazi huku Mwanza kanitumia meseji, anapelekwa Tanga miezi mitatu, kapata chumba Ngamiani, anauliza "kaka huko ntakuwa nakula wapi?" Nikaanza kumjibu kwenye simu, mara najikuta nimeshaandika meseji saba ndefu na bado hata sijafika mchana, ndo nkaona bora niyaweke yote hapa, maana sio wa kwanza kuniuliza na wengi walioniuliza zamani niliwajibu vibaya.

Niliwajibu vibaya kwa sababu niliwatajia sehemu. Nenda kona ile, kuna nyumba ina mlango wa kijani, pale baraza lake utapata vitumbua. Mtu anaenda saa nne asubuhi anakuta baraza tupu limeshafagiliwa, anapiga simu, mbona hakuna kitu? Hakuna kwa sababu vitumbua vya pale vinaisha saa moja na nusu. Ngamiani chakula kinakwenda na saa. Baraza lile lile alfajiri lina vitumbua, saa nne watoto wanacheza, saa kumi jioni kakaa mtu mwingine kabisa na karai lake la bajia, na baada ya isha wamekaa wazee wa kahawa. Ramani ya simu haiwezi kukuonyesha hilo, na wala hakuna kibao kimeandikwa.

Kuna siku nilileta mgeni wangu mwenyewe, mtu ninayemheshimu sana, tukafika saa kumi kasoro siku ya Ijumaa na njaa ya safari, na mi nilishamsimulia njia nzima habari za chakula cha kwetu. Pilau ya Ijumaa ilishaisha, watu wamelala, vya jioni bado havijatoka. Tukavuka kwenda mjini tukaingia hoteli moja yenye viti vizuri, tukaletewa samaki aliyepashwa mara ya pili au ya tatu sijui, mkavu, mchuzi wake unanuka friji, na bei yake ungekula Ngamiani siku nne. Usiku ule mgeni akaumwa tumbo, asubuhi akaenda stendi ya Kange akapanda basi akaondoka. Mpaka leo anaamini Tanga hakuna chakula. Hilo linaniuma kweli, kwa sababu kosa lilikuwa langu, sikumwambia tusubiri saa moja tu.

Kwa asiyeijua, Ngamiani ndo sehemu ya wakazi ya Tanga mjini, upande wa pili wa reli. Reli hiyo Wajerumani walianza kuijenga 1893, ikapandisha mpaka Moshi, na mpaka leo ukitoka mjini kwenye maduka na mabenki na zile nyumba za zamani za Wahindi, unavuka reli, umeshaingia kwetu. Barabara zetu hazina majina ya watu, zina namba. Barabara ya kwanza, ya pili, ya tatu, unaendelea hivo hivo mpaka unachoka kuhesabu, zimenyooka kama zimepigwa rula na nyumba ni za Kiswahili, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma, na mbele baraza. Hilo baraza ndo mgahawa wetu. Watu walikuja hapa toka kila upande, Wadigo, Wabondei, Wasambaa, Wasegeju, Waarabu, watu wa bara waliokuja kama manamba kwenye mashamba ya mkonge kisha wakabaki, watu wa bandarini na wa reli, na kila mmoja kaja na chungu chake, ndo maana ndani ya barabara tatu tu unaweza kupata sambusa, bada na pilau na kila kimoja kimepikwa na mtu aliyezaliwa nacho.

Haya, tuanze alfajiri.

Saa kumi na moja na nusu, watu wanatoka msikitini, ndo vitumbua vinaanza. Mi nimekua kwenye vitumbua, bibi yangu mzaa mama alikuwa anapika kwenye baraza la nyumba yetu mpaka miguu ilipomkataa, kwa hiyo hapa mtanivumilia ntakaa kidogo. Mchele unaloweka toka jana mchana. Jioni unautwanga au siku hizi unaupeleka kwa mwenye blenda, unasagwa na tui na iliki, hamira na sukari, unaufunika unalala. Usiku unaumuka. Bibi alikuwa anaamka saa tisa kuusikiliza, sio kuuangalia, kuusikiliza, anainama na sikio kwenye sufuria, ukifika anasikia kama vijipovu vinapasuka chini. Akisema bado, hakuna wa kumwambia vingine. Kisha kile kikaango cha mashimo juu ya seredani, tone la mafuta kila shimo, upawa mmoja wa unga, na cha kugeuzia ni spoku ya baiskeli. Tanga ni mji wa baiskeli, spoku hazikosekani. Anaichoma pembeni, anazungusha mkono kidogo tu, kitumbua kinapinduka chenyewe kama mtu anayegeuka usingizini. Kikiwa kizuri kina tundu tundu ndani na pembeni kina ule ukingo mwembamba unaokatika kwa meno. Kikipoa kinakuwa kitu kingine, sio kibaya, ila sio chenyewe. Ndo maana nasema saa.

Na vitumbua huviliwi hapo umesimama kama chipsi. Unakuja na bakuli lako au sahani yako toka nyumbani, mtoto anatumwa na sahani imefunikwa kawa, anasema "shikamoo bibi, mama kasema vya elfu", anarudi mbio. Kama wewe ni mgeni na huna sahani utafungiwa kwenye gazeti, hakuna ubaya, ila nunua sahani. Nasema kwa dhati. Ukianza kuja na sahani yako siku ya tatu utakuwa unaulizwa umelala salama, na siku usiyotokea ataulizwa mwenye nyumba wako, yule kijana wa Mwanza mzima?

Mbaazi zinafuata, kuanzia saa kumi na mbili mpaka kama saa mbili na nusu. Mbaazi za nazi na maandazi, wengine wanayaita mahamri. Watu wa bara wanadhani mbaazi ni mboga, unakula na ugali mchana, sasa ukiwaambia mbaazi ni kifungua kinywa wanashangaa. Mbaazi za kweli zinachemshwa usiku kucha kwa moto mdogo mpaka ukiibonyeza moja kwa ulimi inakwisha. Tui jepesi linatangulia, linapikwa nazo. Tui zito linakuja mwisho kabisa na hapo mpishi haondoki jikoni, anakoroga taratibu bila kufunika, maana tui likikatika basi, limekatika, utaona mafuta yanaelea juu na maji chini na hakuna dawa. Mama ninayenunua kwake mi anatia chumvi, kitunguu, pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa ili itoe harufu isitoe ukali. Andazi unalipasua, unachota mbaazi, unafunga. Maandazi matatu na bakuli la mbaazi na chai ya tangawizi, mara ya mwisho nililipa elfu moja na mia tano, na mpaka saa saba sikutaka kitu.

Asubuhi pia kuna mikate ya kumimina, kuna supu ya kongoro kwa wenye kazi nzito, kuna chapati kila mahali. Chapati sina neno nazo, ziko kila mji.

Kati ya saa tatu na saa sita Ngamiani haina chakula cha maana barazani. Usilazimishe. Huu ndo muda wa soko, watu wako Mgandini wanachagua nazi, wanaigonga wanaitikisa sikioni, au wameshuka Deep Sea kupokea samaki. Ukitaka kujua mchana utakula nini pita sokoni, angalia kilichojaa. Siku dagaa na vibua vimejaa, mchana wote ni vibua. Siku bahari imechafuka kila mtu anapika maharage na ukiona mtu anakwambia ana nguru mbichi siku hiyo, muulize wa lini.

Mchana sasa. Saa saba mpaka saa tisa kasoro, mama lishe, vibanda vya mabati na benchi mbili, na wengine uani kwao kabisa, unapita ukumbini unapiga hodi, unakaribishwa unakuta watu kumi wanakula kwenye mkeka. Wali wa nazi na samaki wa kukaanga na mchicha utapata popote na utakuwa mzuri. Lakini mi nataka uulizie bada.

Bada ni ugali wa muhogo, wa makopa. Muhogo umemenywa, umekaushwa juani mpaka unakatika kama chaki, umetwangwa ukachekechwa. Huku Kanda ya Ziwa tunaujua, tunakula udaga, kwa hiyo jamaa yangu hatashtuka na rangi yake. Ila bada la Tanga linasongwa laini zaidi, linavutika, lina ung'aavu fulani juu, na hulitafuni. Unakata tonge dogo, unabonyeza kishimo kwa dole gumba, unachota mchuzi, unameza. Ukitafuna litakushika meno na utalichukia siku ya kwanza, nimeona watu wengi wanaliacha hapo hapo wakati kosa ni la meno tu. Mchuzi wake ni papa mkavu wa nazi, aliyeroweshwa kwanza kutoa chumvi, akasuguliwa mchanga ngozini, akachanwa, akapikwa na bilinganya au maembe mabichi kidogo. Na pembeni mchunga. Mchunga ni majani machungu, machungu kweli, unaweza kukunja uso, lakini ukiyala na lile bada lisilo na ladha kubwa na ule mchuzi wenye chumvi na nazi unaona kabisa kwa nini wazee walivipanga pamoja. Kimoja kinamsubiri mwenzake.

Bada linazidi kuwa adimu barazani. Vijana wanaona ni chakula cha shida, cha wakati wa njaa, mgeni akija anapikiwa wali ili nyumba isionekane imefilisika. Mi naumia nikisikia hivo. Nimekula bada kwa mama mmoja, uani, chini ya mwembe, na nilipomwambia nataka bada sio wali alinyamaza kidogo kisha akasema "mwanangu, unalitaka kweli au unanionea huruma?" Nikamwambia nalitaka toka nimepanda basi. Akacheka, akaniongezea papa, akakaa pembeni yangu akanihadithia mama yake alivyokuwa anatwanga makopa usiku wa mbalamwezi kule Muheza na wanawake wenzake wanaimba. Sijapata kula hivo mahali pengine popote.

Jambo moja, Ijumaa ni pilau. Karibu kila nyumba inayouza, Ijumaa inapika pilau, na inaisha mapema, ukitoka tu msikitini nenda moja kwa moja, usipitie nyumbani kubadilisha kanzu.

Saa kumi jioni barabara zinaamka tena. Hapa huhitaji kuelekezwa, fuata harufu ya mafuta. Bajia za kunde na za dengu, kachori, katlesi, sambusa, muhogo wa kukaanga uliopasuliwa katikati ukatiwa chumvi na pilipili ya ndimu. Huu ni mkono wa Wahindi na Waarabu na Waswahili umechanganyika miaka mingi mpaka hakuna anayejali tena nani alianza. Chatne ndo inayotofautisha. Kuna chatne ya nazi, ya ukwaju, ya embe bichi, na kila baraza lina watu wake wanaoapa kwa chatne yake. Mi sipendi kuingia kwenye ugomvi huo ila nasema hivi: ya nazi ikisagwa kwenye blenda inakuwa uji, ikitwangwa kwenye kinu unaisikia nazi. Uliza kama imetwangwa.

Magharibi, pweza. Wanaume wenye meza ndogo na kibatari, siku hizi taa ya betri, pweza kachemshwa kalainika, anakatwa vipande vidogo, unachoma kwa kijiti, unachovya kwenye pilipili, unahesabiwa vijiti ulivyotumia. Supu yake inatolewa kwenye kikombe, wanaume wanasema mengi kuhusu supu ile, wewe kunywa tu. Mishkaki iko pia. Chipsi mayai ipo kila kona na vijana wanaishi nayo, sina la kuongeza. Na kama tumbo limechoka na mafuta, tafuta maziwa ya mgando, mkoa wa Tanga wana ng'ombe wengi wa maziwa na kiwanda cha Tanga Fresh kiko hapa hapa mjini, mgando baridi na sukari kidogo usiku wa joto unalala vizuri.

Kisha kahawa. Ukiwa Ngamiani miezi mitatu na hukukaa barazani usiku kunywa kahawa, basi ulipanga chumba tu. Muuzaji anakuja na birika lake refu juu ya jiko dogo la makaa, anagonganisha vikombe, ile sauti tu inatosha, watu wanasogea. Kahawa chungu, haina sukari, ina tangawizi, kikombe kidogo cha kauri kinasuuzwa kwenye ndoo, unakunywa kidogo kidogo na kashata ya nazi au karanga. Mada zinaanzia bei ya nazi, zinapita kwenye siasa, zinaishia kwenye mpira. Wazee watakwambia Coastal Union, timu ya hapa hapa, ilivyochukua ubingwa wa ligi 1988, watakutajia mfungaji, mpira ulipitia wapi, mvua ilikuwa imenyesha au haijanyesha, na mzee wa African Sports, timu nyingine ya Tanga, atakuwepo pembeni kukanusha. Usibishe, huna taarifa. Agiza kahawa ya mzee aliyekaa karibu nawe, sema shikamoo kwa wote kabla hujakaa, na kuanzia kesho kutwa hao ndo watakuwa wanakwambia mbaazi za nani zimekuwa nzuri wiki hii na nani kasafiri. Hakuna mwongozo mwingine unaoupita huo, hata huu ninaoandika mi nimeutoa pale pale barazani.

Ramadhani ikikukuta huko, saa zote hizi zinapinduka. Mchana barabara kimya kabisa, mama lishe wengi wanafunga, na hata kama hufungi kula ndani kwako. Ila kuanzia saa kumi meza zinatoka mpaka huwezi kupitisha baiskeli, ndizi za nazi, muhogo wa nazi, tambi, kaimati zimelowa shira, uji wa pilipili manga. Na adhana ikiita, mtu yeyote aliye na futari barazani atakuita hata kama hakujui jina. Nenda. Ukikataa unamuudhi.

Wana msemo watu kuhusu mji wetu, Tanga waja leo waondoka leo. Nimeusikia toka utoto na kila mtu anautafsiri kivyake. Mi naufikiria nikiwa na wageni, maana anayekuja leo akaondoka leo hawezi kuonja kitu, mchele haujaloweka, mbaazi haijalala jikoni, papa bado ana chumvi. Chakula chetu karibu chote kinaanza jana yake.

Kuna vinavyoondoka lakini, na hili nalisema kwa uchungu. Nazi imepanda bei, kila nikirudi nasikia malalamiko yale yale, mpishi anapunguza tui anaongeza maji na unga, na mteja wa miaka yote anagundua siku hiyo hiyo. Mkaa nao. Na wanaoamka saa tisa usiku wamezeeka, watoto wao wana kazi za ofisini au wako Dar, nani atausikiliza unga? Baraza tatu nilizokuwa nanunua nikiwa shule leo moja ni duka la vocha na moja ni ukuta, mwenyewe kafariki. Tunapoulizana wapi kuna chakula kizuri tunataja hoteli, tunapiga picha hoteli, hawa hakuna anayewapiga picha wala anayewataja, na wao ndo wametulisha.

Baada ya bibi kuacha, baraza letu lilikaa kimya miaka minne. Nilidhani imeisha hiyo. Mwezi wa sita mwaka jana nikafika na basi la usiku, nimeshuka Kange, bajaji imenifikisha nyumbani giza halijatoka vizuri, nikaona moto barazani. Binamu yangu, mtoto wa mjomba, ana miaka 22, kakaa kwenye kile kigoda cha bibi na kikaango kile kile, spoku mkononi. Bibi yuko ndani, dirisha la chumba chake liko wazi juu ya kichwa cha binamu, na bila kutoa uso anauliza "umesikiliza?" Binamu anajibu "nimesikiliza bibi, tayari." Kimya kidogo. "Sikiliza tena."

Nikasema shikamoo bibi, akaitikia marahaba baba, umefika salama, kaa hapo usubiri, vya kwanza ni vya jirani.